Mwenyeji Hakutoa Ushirikiano

Iten,
3 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Mama mko salama, na kwamba goti lake limetulia tangu arudi kutoka Kithyoko alikokwenda kumuuguza mama mkubwa. Mdogo wangu Linet ameniambia ndengu mmevuna mkajaza magunia, na kwamba yule mbuzi mweupe ana mimba tena. Mimi mwili uko sawa. Jicho limepona kabisa, meno nayo yameshika.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema nasikika kama niko ndani ya mtungi, na pia kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha darasani kwamba jambo zito huandikwa. Hili ni zito, Baba. Wamenipa kosa la tatu.

Wacha nikueleze polepole. Sisi wakimbiaji wa daraja langu ni lazima tuandike kila siku tutalala wapi na ni saa gani tutapatikana hapo, ili watu wa kupima dawa za kusisimua misuli waje bila kutangaza, wachukue mkojo na damu waende zao. Wakikukosa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, wanakuweka kundi moja na wale wanaojidunga sindano. Mara ya kwanza ndege ilichelewa. Mara ya pili Masila alinihamisha kambi bila kubadilisha anwani, maana wakati huo simu yangu ilikaa kwake. Yeye ndiye mume, yeye ndiye kocha, nani angemuuliza. Mara ya tatu ni Novemba, hapo kwetu Mwala, na hapo nilikuwa nimeandika vizuri kabisa.

Novemba unaikumbuka. Nilikuja na jicho limefura, siwezi kutafuna. Tulikubaliana mimi na wewe jioni ile kwamba yeyote akija kuniulizia jibu ni moja tu, hayuko. Nikazima simu ili Masila asinipate. Nikalala kwa nyumba ya Susu, nyuma ya zizi, kwa sababu nyumba ya nyanya ndiyo peke yake iliyo na komeo la maana. Mama alikuwa Kithyoko. Alfajiri gari likaja, watu wakaniulizia, ukawaambia hayuko. Mimi nilikuwa nimemeza dawa za maumivu, sikusikia hata mlango wa gari. Mchana uliponiambia kwamba watu fulani walikuja wakaenda, mimi nilikushukuru, unakumbuka?

Sikulaumu hata kidogo. Ulidhani ni watu wa Masila, ukafanya kile tulichopanga. Wakili anasema uandike hivyo tu, kwa maneno yako, kwamba mtoto wako alikuwa ndani, amepigwa, anajificha, na wewe ulikuwa unamkinga. Ukurasa mmoja unatosha. Kesi ni mwezi wa Mei. Nikishinda nitaingia mchujo wa mashindano ya dunia. Nikishindwa ni kufungiwa miaka miwili, na hakuna anayeruka viunzi na maji akiwa amekaa bure miaka miwili na umri umefika thelathini na kitu. Maisha yangu yote ni hiyo kazi, Baba. Tafadhali andika upesi.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Nthenya


Mwala,
2 Machi 2025

Kwa binti yangu mpendwa, Mwaitu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu aliyetupa uhai hadi leo. Pokea salamu za Mama yako, za Linet, za mchungaji, na za kwaya ya akina mama ambao kila Jumapili hunitaka niwape habari zako. Sisi hatujambo, isipokuwa uchovu wa kawaida wa watu wazima. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la kanisa zaidi ya wiki moja kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa na msiba upande wa mke wake. Usidhani nilikaa kimya kwa kupenda.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote majike. Bwawa la mchanga kule mtoni bado lina maji, ukifukua kidogo tu yanakuja safi, lakini foleni ya punda ni ndefu na wenye punda hawana adabu. Paa la kanisa limekamilika upande mmoja. Nimechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, jambo ambalo sikuliomba, ila watu wamesema hawamwoni mwingine.

Masila alipita Jumapili. Alikaa viti vya nyuma, akaimba, kisha akaja kunisalimu kwa heshima mbele ya watu. Amekonda. Sikumwuliza kitu wala yeye hakuniuliza.

Mama yako anataka kujua kama ulikwenda kwa yule daktari wa akina mama aliye karibu na hospitali ya kaunti pale Machakos mjini. Miaka saba ya ndoa ni mingi, Mwaitu, na watu wana midomo. Nikikuita Mwaitu, yaani mama yangu, si mapambo ya barua. Una jina la mama aliyenizaa, na sisi tunapompa mtoto jina tunatarajia jina hilo liendelee kutembea. Nalifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko unavyojua.

Kuhusu ile karatasi unayoitaka, nimesoma maelezo yako kwa makini. Ukoo wetu haujawahi kupeleka mambo ya mtu na mkewe mezani kwa watu wa Nairobi. Masila alileta ntheo hapa nyumbani, mbuzi wale wa kufungia ndoa walichinjwa uani kwangu, na wazee wakala wakashuhudia. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba nilimficha mke wake, itakuwa nimeandika kwamba ndoa hiyo haipo. Haijafika hapo. Niachie nafasi nifikirie.

Ule vizuri. Huko baridi ni kali.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Nzau


Iten,
14 Machi 2025

Kwa Baba,

Sisi hatujambo. Hongera kwa uzee wa kanisa.

Barua yako ina punda, ina bwawa, ina mapacha wa mbuzi, ina paa. Mimi nimepata sehemu yangu chini kabisa, baada ya daktari wa akina mama, na hata hapo umeomba nafasi ya kufikiria. Kufikiria nini? Mtu alinipiga kwa sababu nilikanyaga kiunzi cha maji vibaya nikaanguka ndani mbele ya uwanja mzima. Alinitazama nikiinuka nimelowa, akanirudisha nyumbani, akafunga mlango. Wewe uliliona jicho langu kwa macho yako. Ulilikanda na maji ya chumvi wewe mwenyewe, Baba.

Na ni wewe uliyenifundisha kuruka. Nani mwingine? Ulikata milingoti ya mkonge ukaipanga uwanjani pale shuleni, ukachimba shimo ukalijaza maji ya mtoni, wazazi wakaja kulalamika kwamba Mwalimu Nzau anamwaga maji kiangazi. Nilikuwa narudi nyumbani naruka matuta ya mashamba ya watu moja baada ya lingine na wewe nyuma yangu na baiskeli. Nilipofika huku kambini waliniuliza Mkamba gani anaruka maji. Nikawaambia yule aliyelelewa na baba yangu. Nilijisifu na wewe kwa watu ambao hawakujui. Sasa nakuomba ukurasa mmoja, unaniambia habari za mbuzi waliochinjwa.

Sikiza habari mpya. Wakili amepata ripoti ya yule mama wa vipimo aliyekuja siku ile. Ni ya Kiingereza, nakuwekea kile kinachokuhusu: "Tulifika saa iliyopangwa. Mwenyeji hakutoa ushirikiano. Alisema mwanariadha hayuko na hajui aliko. Tulingoja hadi muda ulipokwisha, tukaondoka." Basi, hakuna zaidi. Wakili anasema hii inaweza kutufaa. Inaonekana hawakujieleza vizuri, wakangoja huko kwa gari, na wewe hukujua ni akina nani. Kwa hivyo andika kwamba hukuwajua. Ukiona aibu kutaja kipigo, kitaje kwa maneno machache, lakini kitaje, maana bila hicho hakuna sababu ya mimi kufichwa.

Mwisho wa kupeleka karatasi ni siku ya mwisho ya Aprili. Itume na gari la vifurushi, usingoje sanduku la kanisa.

Nthenya


Mwala,
22 Aprili 2025

Kwa binti yangu mpendwa, Mwaitu,

Kristo amefufuka. Tumekuwa na Pasaka njema, watu walijaa mpaka nje, na mahubiri yalikuwa ya kina. Mama yako amepata miwani. Linet ameanza kazi ya muda kwenye duka la vitambaa pale Machakos na anarudi Jumamosi. Mvua imenyesha siku nne mfululizo kisha ikakata, tumepanda hivyo hivyo kwa imani. Mtoto mmoja wa mbuzi alikufa.

Humu ndani utakuta maelezo uliyoyaomba. Nimeyaandika kwa Kiswahili sanifu na kutia sahihi mbele ya chifu, naye amegonga muhuri. Nimeeleza kwamba mimi ni mzee mwenye masikio mazito, kwamba siku hiyo sikuelewa ni nani anayetafutwa, na kwamba nilijibu kwa kukosea. Habari za Masila sikuziingiza. Naamini hilo litatosha na heshima ya kila mmoja itakuwa imebaki mahali pake.

Lakini kuna neno katika barua yako ambalo limenikera tangu nililisoma, nami siwezi kulimeza. Mwenyeji hakutoa ushirikiano. Mimi? Nimeishi katika boma hili tangu nioe, na hajatoka mtu hapa akasema hakupokewa. Huyo mama ni mwongo na umwambie wakili wako hivyo. Yeye hakungoja kwenye gari. Nilimtolea kiti, tena si benchi, ni kile kiti cha marehemu mama yangu chenye mgongo wa kuegemea, na mwenzake nikampa stuli. Mama yako hakuwepo, kwa hiyo niliwasha jiko mwenyewe, nikachemsha chai ya maziwa, nikaleta na viazi vitamu kwenye sinia. Akakataa. Akasema wakiwa kazini hawaruhusiwi kula wala kunywa kwa watu mpaka wapate mkojo wao. Nikamwambia mkojo utapatikana siku nyingine, chai ndiyo inayopoa. Alicheka vizuri tu. Saa nzima alikaa pale na kile kisanduku chake cha chupa mapajani, tukazungumza habari za mvua. Kwao ni Kangundo, na mjomba wake nilisoma naye chuo cha ualimu. Akaniuliza nyumba ya nyuma ni ya nani, nikamwambia ni stoo ya mahindi. Wakati wa kuondoka nikamfungia mbaazi kwenye mfuko, hata hizo akakataa, lakini tukaagana kwa mikono miwili. Mtu aliyepokewa namna hiyo anakwendaje kuandika kwamba hakupewa ushirikiano? Ni utovu wa adabu, na mjomba wake angekuwa hai ningemwandikia.

Nimesema niliyokuwa nayo moyoni. Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako,
Mwl. Nzau


Iten,
1 Mei 2025

Baba,

Leo sina salamu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya vifurushi, nikakaa chini kwa ngazi, nikaisoma tena. Nilitaka nione kama nimekosea. Sijakosea. Umeiandika kwa ule mwandiko wako mzuri wa ubaoni, kila herufi imekaa sawa.

Ulijua. Hukudhani ni watu wa Masila. Ulijua ni akina nani, wanatoka wapi, wametumwa nini, na kwamba hawawezi kunywa chai yako mpaka mimi nitoke. Ulimkalisha mgeni kwa kiti cha Susu mpaka muda wangu ukaisha. Mimi nilikuwa hapo nyuma ya zizi. Ungeita mara moja tu. Hata kama ungepiga mlango na fimbo ningeamka. Badala yake ulipika chai, na alipouliza kuhusu nyumba ya nyuma ukamwambia ni stoo ya mahindi. Mimi nilikuwa nimelala ndani ya hiyo stoo, Baba. Mchana ukanikuta nanawa uso, ukaniambia kuna watu fulani walikuja. Watu fulani. Na mimi nikasema asante.

Alipoandika kwamba hukutoa ushirikiano hakuwa anasema habari za chai. Alitaka kusema hukumwonyesha aliyekuja kumtafuta. Lakini wewe umeona chai tu. Kuniharibia kazi hakukukera. Kuambiwa hukukaribisha mgeni, hiyo ndiyo imekukera mpaka ukaandika yote.

Hiyo karatasi ya chifu sijaipeleka, na sitaipeleka. Masikio yako mazito yalisikia mpaka kwao ni Kangundo. Yule mama ataitwa, atasema mlizungumza saa nzima, na mimi nitaonekana nimetafuta baba mzee wa kunidanganyia.

Sikuulizi kwa nini, kwa sababu najua. Ulitaka nikae. Uliniona nimerudi nimepigwa, ukafikiri hapo ndipo mahali pa kukatia. Nikose mbio, nirudi kwa Masila, nizae, jina la Susu litembee. Ungeniambia uso kwa uso ningekukatalia, na ulijua ningekukatalia, ndiyo maana hukuniambia.

Nimemuuliza wakili kwa mfano tu, bila kukutaja. Amesema mwanariadha akiwa yuko mahali alipoandika, na mtu mwingine anayejua kila kitu akamficha kwa makusudi bila yeye kujua, hilo si kosa lake. Lakini huyo mtu ni lazima aseme. Hakuna njia nyingine iliyobaki. Hii peke yake.

Barua yako ninayo. Ningeweza kumpa wakili leo hii, na ungesomwa mbele ya meza ile, mzee wa kanisa na mbaazi zake. Sitaki kumfikisha baba yangu mbele ya watu kama mtu aliyeshikwa. Nataka useme mwenyewe. Kesi ni tarehe 29, Nairobi, asubuhi. Siku ya mwisho ya karatasi imepita, lakini wakili anasema bado watapokea. Andika, au uje. Ukija utakaa kando yangu, na nitamwambia kila mtu kwamba huyu ndiye aliyenichimbia shimo la maji pale shuleni. Nitakusamehe siku hiyo hiyo, nakuahidi, hata kabla hatujapata chakula.

Usiniite Mwaitu mpaka unijibu.

Nthenya


Mwala,
13 Julai 2025

Kwa binti yangu mpendwa, Mwaitu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Sisi tuko, kwa neema. Barua yako ya Mei ilinikuta katikati ya mambo mengi ya kanisa. Tulikuwa na harambee ya paa la upande wa pili, kisha askofu akaja, kisha mimi mwenyewe nikashikwa na kifua. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba, ila mbaazi zinaonyesha matumaini. Linet ameacha duka la vitambaa, hakuelewana na mwenye duka. Mama yako hasemi sana siku hizi. Anaamka, anakwenda shambani, anarudi.

Uamuzi wao tuliusikia kwenye redio ya Kikamba tukiwa tunakula. Walitaja jina lako lote, na la kijiji. Mama yako alizima redio na hajaiwasha tangu hapo, nami nakosa taarifa ya habari. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuombea kwa jina. Hakuna aliyenyoosha kidole, na waliotaka kusema walinyamaza waliponiona.

Mwaitu, usione giza. Ulikimbia vizuri, ukatuletea sifa, na kila kazi ina mwisho wake. Wewe hukujiona, lakini mimi nilikuona ulivyoingia Novemba ile. Mzazi akiona mtoto anazama haombi ruhusa ya kumtoa majini. Zaidi ya hapo sitaki tuandikiane, kwa kuwa karatasi husomwa na wengi.

Nina habari itakayokupa nguvu. Masila alikuja na wazee wawili wa kwao. Walileta mbuzi, wakakaa, wakazungumza kwa unyenyekevu. Amekiri mbele yetu kwamba alikuwa na hasira, na hasira hiyo, kwa maelezo yake, ilitokana na mbio. Sasa mbio hazipo. Nilimwambia binti yangu ni mtu mzima na ataulizwa mwenyewe, lakini mbuzi sikuwarudisha, kwa kuwa kumrudishia mtu mbuzi mbele ya wazee ni kumtukana. Tumetaja Agosti.

Nyumba ya Susu nimeipaka rangi na kuitia dirisha la kioo. Ni yako ukitaka kupumzika kwanza kabla ya mambo mengine. Njoo nyumbani. Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiamka gizani. Sasa utalala mpaka jua likuchome usoni, na hakuna mtu atakayekuja alfajiri kukuulizia.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Mwl. Nzau


9 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Nzau,

Barua nimeipata. Pole kwa kifua.

Umesikia uamuzi kwa redio, lakini hukusikia ulivyokuja, kwa hivyo nitakuambia. Ni chumba kidogo chenye zulia. Watu watatu upande ule, mimi na wakili upande huu, na kando yangu kiti kisicho na mtu. Nilikuwa nimewaambia kuna shahidi kutoka nyumbani ambaye huenda akachelewa, maana barabara ya Mwala inajulikana. Walikuwa na adabu. Walingoja. Yule mama alieleza mambo yake bila chuki, akasema mzee alikuwa mkarimu sana, ila alikataa kabisa kusema mwanariadha yuko wapi. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Sifa yako ya kukaribisha wageni imewekwa kwa rekodi.

Kisha mkubwa wao akaniuliza kama niko na kitu chochote kingine cha kuonyesha. Barua yako ilikuwa kwa mkoba wangu, magotini. Wakili alikuwa ananiangalia, alijua kuna kitu. Nikasema sina.

Usichukulie hiyo kuwa ni heshima. Najua utaichukulia hivyo, utasema binti yangu alinihifadhia jina langu. Sikutoa barua kwa sababu nilikuwa bado naangalia mlango. Nilifikiri, akiingia sasa hivi anikute nimeshamsomea watu barua yake, tutaanzia wapi tena? Nikaangalia mlango mpaka wakafunga mafaili yao. Hayo ndiyo mambo yaliyonifungia miaka miwili.

Umeandika kurasa mbili na hujajibu nililokuuliza. Umejibu habari za askofu. Umeniita Mwaitu huku nimekuomba usiniite. Na umepokea mbuzi kwa niaba yangu kutoka kwa mtu aliyeniambia kwamba meno yangu yakitoka nitameza. Warudishe au uwale, ni wako. Agosti mmeitaja nyinyi, mimi sijataja mwezi wowote. Masila mwambie kwamba hasira yake haikutokana na mbio. Mbio zilitangulia, nikiwa bado sijamjua, na zilikuwa za furaha.

Mama ataniona. Nimepanga na Linet, tutakutana Machakos mjini siku atakayoletwa kuangaliwa macho. Usimuulize tulizungumza nini. Akikaa kimya, muache akae kimya.

Kuna jambo moja tu umekosea kabisa, na kwa sababu wewe ni mwalimu nakusahihisha. Umesema hakuna mtu atakayekuja alfajiri kuniulizia. Wanakuja. Aliyefungiwa akitaka kurudi uwanjani siku moja ni lazima aendelee kupimwa muda wote huo, na ni lazima aendelee kuandika anakolala, kila siku ya Mungu, bila kukosa hata moja. Mimi nataka kurudi. Nitakuwa mzee kwa kazi hii, watanicheka, nitarudi hivyo hivyo. Kwa hivyo naandika. Wiki jana walibisha kabla ya mapambazuko, nikafungua mlango mwenyewe.

Umeona juu ya hii barua sijaweka mahali. Iten nimetoka. Watu wenye chupa, ambao hatuna undugu nao, wanajua kila usiku ninakolala. Wewe hutajua.

Nthenya